Bingwa Aliyeiruka Soysambu

Sébastien Ogier, dereva wa rali, alitwaa ubingwa wake wa tisa wa dunia wa mbio hizo za magari Novemba 2025 kule Saudi Arabia, na mwaka huo wote hakuja kushindana Kenya. Kadiri ninavyolifikiria jambo hili, ndivyo ninavyozidi kukosa wa kumlaumu. Na nimetafuta kweli.

Hesabu yenyewe ndiyo inayouma. Elfyn Evans wa Wales alishiriki duru zote 14 za msimu. Alikuja hapa Machi, akapita kwenye matope na mawe, akashinda Safari Rally, ambayo ndiyo duru ya Kenya, akiwa na mwelekezi wake Scott Martin. Mwisho wa mwaka akawa na pointi 289. Ogier, aliyekuwa akichagua pa kwenda na pa kukaa nyumbani, akawa na 293. Wote wawili ni madereva wa Toyota. Kwa Evans hiyo ilikuwa mara ya tano kumaliza wa pili duniani: 2020, 2021, 2023, 2024, halafu 2025. Mtu akikuambia kwamba bidii hulipa, mtajie Evans kwanza.

Fundi wangu wa gari hapa Nakuru, mzee aliyeanza kushika spana zamani magari ya Safari yalipokuwa bado yakipita kwenye barabara ambazo pia zilitumiwa na matatu na ng'ombe, aliisikia habari hiyo akiwa amelala chini ya Probox. Akatoa kichwa. "Sasa huyo ni bingwa wa dunia gani, kijana wangu? Kwani Kenya haiko duniani?"

Nilicheka, lakini swali lake si la mzaha. Ndilo swali la mashindano haya kwa sasa.

Kwanza nimtetee Ogier, maana hapa kwetu watu wamemsema vibaya kana kwamba anaogopa vumbi. Huyu ndiye aliyeshinda Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 baada ya miaka 19. Akashinda tena 2023. Anaijua Naivasha, makao ya Safari ya siku hizi, kuliko baadhi ya Wakenya wanaojiita mashabiki na ambao hawajawahi kuvuka mlango wa baa za Vasha wikendi ya mbio. Ogier alipunguza ratiba yake baada ya ubingwa wa nane mwaka 2021, kwa sababu alitaka muda na familia yake, na hakuna sheria inayomlazimisha dereva kuhudhuria kila duru. Kati ya duru 11 alizoshiriki mwaka 2025 alishinda 6. Evans kati ya 14 alishinda 2. Ukiziweka takwimu hizo mezani, ubingwa haukuibwa.

Ila kuna kitu ambacho takwimu hizo hazikionyeshi, nacho ni utaratibu wa kuondoka. Siku ya Ijumaa, magari huanza kwa kufuata msimamo wa ubingwa: anayeongoza kwa pointi ndiye anayetangulia barabarani. Kwenye changarawe kavu hiyo ni adhabu. Mtangulizi anaondoa kokoto na vumbi lililolegea, matairi yake yanateleza, na wanaomfuata wanapata njia iliyofagiliwa. Evans aliongoza msimu kwa muda mrefu, kwa hiyo katika duru za changarawe alikuwa akifagilia wenzake. Dereva anayeruka duru anabaki nyuma kwenye jedwali, na kwa kubaki nyuma anaanza baadaye, kwenye njia safi. Kwa maneno mengine, kukosa Kenya hakumgharimu Ogier pointi tu. Kulimnunulia pia nafasi nzuri barabarani katika duru zilizofuata. Hapo ndipo mimi na kanuni tunapokosana. Sina tatizo na mtu kupumzika, lakini mapumziko hayapaswi kuwa na faida.

Wala si lazima dereva wa ratiba fupi aikimbie Kenya. Kalle Rovanperä wa Finland alikuwa bingwa 2022, akiwa na miaka 22 na siku moja, kijana kuliko bingwa yeyote kabla yake. Akarudia 2023. Mwaka 2024 akasema anataka kupumua, akashiriki duru chache tu, na mojawapo ya alizochagua ilikuwa hii yetu. Akashinda. Hakuwa akiwania ubingwa wowote mwaka ule. Alikuja kwa sababu alitaka kuendesha hapa. Ndiyo maana habari ya Oktoba 2025, kwamba anaachana kabisa na mbio hizi kwenda kwenye magari ya saketi, mashindano ya Super Formula kule Japani, iliniingia vibaya kuliko ubingwa wa Ogier. Alikuwa na miaka 25. Katika umri huo dereva wa mbio hizi ndiyo kwanza anakomaa.

Haikupita muda, Ott Tänak naye akatangaza kwamba msimu wa 2025 ukiisha anaweka kofia chini. Tänak ni bingwa wa 2019, Mwestonia wa kwanza kufika huko, na ni mtu aliyehama timu mpaka ukachoka kumfuata: kutoka Toyota hadi Hyundai, kutoka Hyundai hadi M-Sport Ford mwaka 2023, kisha akarudi Hyundai. Hapa alimaliza wa tatu 2021 na wa pili 2025. Kwa hiyo nikiandika haya, msimu wa 2026 ukiwa bado haujaanza, Safari ya Machi imeshapoteza mshindi wa 2022 na 2024 pamoja na mtu aliyemfuata Evans mwaka 2025. Ogier naye ataendelea kuchagua. Kati ya walioshinda hapa kuanzia 2021 hadi 2025, ambao ni watatu tu kwa sababu Ogier na Rovanperä walishinda mara mbili mbili, Evans peke yake ndiye mwenye ratiba kamili.

Wote watatu, tafadhali ona, ni wa Toyota. Kuanzia 2021 hadi 2025 Safari ilifanyika mara tano, na mara zote tano Toyota imeondoka na kombe. Mwaka 2022 na 2023 ilichukua nafasi ya kwanza hadi ya nne. Ukipita barabara yoyote ya hapa ukahesabu magari yanayokupita, hutashangaa. Lakini kimashindano si afya, na mwaka 2025 ilikuwa hivyohivyo kote: Toyota ilishinda duru 12 kati ya 14, ikiwaachia Hyundai Ugiriki na Saudi Arabia.

Timu ziko tatu. Toyota, inayofanyia kazi zake Finland. Hyundai, ambayo makao yake ya mbio yako Alzenau, Ujerumani. Na M-Sport, kampuni ya kibinafsi ya kaskazini mwa Uingereza inayoendesha Ford Puma kwa msaada wa Ford, lakini si Ford yenyewe. Basi. Mashindano ya dunia yenye timu tatu, na moja kati ya hizo inaishi kwa kubana matumizi. M-Sport hii ndiyo iliyompa Ogier ubingwa 2017 na 2018, baada ya Volkswagen kufunga duka mwishoni mwa 2016 ikiwa imetoka kushinda ubingwa miaka minne mfululizo. Timu hiyohiyo inaingia 2026 ikiwa na Josh McErlean na Jon Armstrong, vijana wawili wa Ireland Kaskazini ambao hakuna aliyewahi kushinda duru ya dunia. Hadi 2025 inaisha, ushindi wa mwisho wa M-Sport ulikuwa Chile 2023, na aliyeuleta ni Tänak, ambaye aliondoka mwisho wa mwaka uleule. Sisemi hivi kuwadharau vijana. Nasema soko la madereva limekuwa dogo kiasi kwamba mtu mmoja akisimama, timu nzima inayumba. Mwaka 2019 Citroën ilimpoteza Ogier, na badala ya kutafuta mwingine ikafunga virago, ikaondoka kwenye mashindano.

Hyundai imemweka Thierry Neuville na Adrien Fourmaux kwa msimu mzima, na gari la tatu litagawanywa baina ya Dani Sordo, Esapekka Lappi na Hayden Paddon. Neuville ni Mbelgiji aliyemaliza wa pili duniani mara tano kabla ya kutwaa ubingwa 2024, kwa hiyo Evans bado ana sababu ya kutokata tamaa. Lakini hapa Neuville ana deni. Mwaka 2021 aliamka Jumapili akiwa anaongoza, akaingia mkondo wa Loldia, mmoja wa vile vipande vya barabara ambavyo madereva hupimwa muda, mfumo wa chini upande wa nyuma ukavunjika, ushindi ukayeyuka. Mimi humshangilia kwa huruma tu, na sioni haya kukiri.

Toyota yenyewe haikulia sana kumpoteza Rovanperä, kwani ilikuwa na mrithi tayari. Oliver Solberg, kijana wa Petter Solberg aliyekuwa bingwa 2003, alipewa gari Estonia 2025 kwa duru moja tu, akashinda. Akapewa kazi ya msimu mzima wa 2026. Tajiri habebi shida za uhamisho kama maskini anavyozibeba, hata kwenye vumbi.

Sasa kalenda. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanapojadili madereva wanasahau kwamba tarehe inaweza kubadilisha mbio kuliko dereva yeyote.

Safari ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikahamia Pasaka, na Pasaka hapa maana yake ni mvua ndefu. Huko ndiko jina lake lilikojengwa: magari yaliyozama hadi milangoni, wanakijiji wakiyasukuma, wengine wakilipwa, wengine wakisukuma kwa furaha yao. Mbio za miaka ile zilikuwa za maelfu ya kilomita na zilifika huku kwetu magharibi, Kericho, Nandi, Eldoret. Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, alizaliwa Kericho. Watu wa makamo kule bado wanamtaja kana kwamba ni jirani aliyehama juzi. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati yake zikifuatana kuanzia 1979 hadi 1982. Ian Duncan akashinda 1994 kwa Toyota Celica, na tangu hapo hakuna Mkenya aliyeshinda Safari ikiwa duru ya dunia. Colin McRae akachukua ile ya 2002, halafu tukaondolewa kwenye kalenda ya 2003.

Iliporudi 2021 iliwekwa Juni. Juni ya Naivasha ni baridi ya asubuhi na vumbi la mchana. Pale Kedong vumbi lenyewe ni la volkano, laini kama unga wa ngano, wanaliita fesh-fesh. Gari likiingia humo linatota, injini inavuta vumbi badala ya hewa, na anayefuata haoni hata pua ya gari lake. Ilikuwa mbio ngumu, sikatai. Lakini haikuwa Safari ambayo wazee wetu walitusimulia.

Mwaka 2024 ikarudishwa mwishoni mwa Machi, wikendi ya Pasaka. Mwaka 2025 ikawa Machi 20 hadi 23. Ya 2026 ikapangwa Machi 12 hadi 15, mara tu baada ya theluji ya Sweden. Waandaaji wa kalenda walitaka kutenganisha duru na kusambaza safari za meli zinazobeba vifaa, sidhani kama walikuwa wakiwaza mvua za Bonde la Ufa. Lakini kwa bahati walituletea kitu chetu. Siku hizi magari yanafungwa bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu kando ya kioo cha mbele, ili injini isimeze maji kwenye vivuko. Mitambo ya umeme iliyokuwa ikiyasaidia magari haya iliondolewa kuanzia 2025, matairi yakahama kutoka Pirelli kwenda Hankook, na mwaka huo Safari ikawa na mikondo 21 ya zaidi ya kilomita 380. Wengi hawakumaliza bila kurukiwa na jiwe, pancha au matope.

Na mvua inapindua ile hesabu ya Ijumaa niliyoieleza juu. Kukiwa kavu, anayetangulia anafagia. Kukinyesha, anayetangulia anapata barabara ambayo bado ina uso, na wa nyuma ndio wanaokuta mitaro iliyochimbwa na wenzao. Jumamosi ndiyo tamu zaidi, kwa sababu siku hiyo utaratibu unageuzwa: wa mwisho kwenye matokeo anaanza, kinara anaondoka wa mwisho. Mikondo ya Jumamosi iko upande wetu, Soysambu, Elmenteita na ule wa Sleeping Warrior chini ya kilima kinachoonekana kama mtu aliyelala chali. Yeyote anayeishi Nakuru anajua mvua ya Machi inavyofanya kazi. Asubuhi jua kali, saa nane mawingu yanajikusanya, saa tisa inashuka. Kwa hiyo kinara wa mbio anaweza kuingia Sleeping Warrior kwa mara ya pili wakati ambapo kila aliyemtangulia ameshapita pakavu. Hakuna kamati iliyokaa ikabuni kipimo hicho. Kilikuja na tarehe.

Ndiyo maana nasikia wakati mwingine pendekezo la kuirudisha Juni ili watalii wapate hali nzuri ya hewa, nami nasema hapana. Tarehe ya Machi itetewe kuliko jina la dereva yeyote. Watu wa hoteli hawatanielewa. Wanavyopandisha bei wikendi ile, wao hata theluji ingenyesha wangejaza vyumba.

Bado kuna swali la fundi wangu. Kalenda ya 2026 ina duru 14, kuanzia Monte Carlo hadi Saudi Arabia, zikipitia Paraguay, Chile, Japani, visiwa vya Canary. Duru ya lami laini ya Canary ina thamani ileile ya pointi na hii yetu: 25 kwa mshindi, na nyongeza hadi 10 za Jumapili na mkondo wa mwisho. Mtu mwenye busara anayetaka ubingwa huku akipumzika ataruka wapi? Ataruka kule ambako jiwe moja linaweza kumtia sifuri. Mimi nisingemlazimisha mtu kuja. Ningeweka sharti dogo tu: anayekosa duru aanze Ijumaa inayofuata akiwa mbele, siyo nyuma. Afagie kidogo. Ogier angeweza bado kushinda, maana ana kipaji cha kushinda akiwa na ufagio mkononi, lakini angalau Evans asingekuwa peke yake kazini.

Wapo wanaosema 2027 itatibu yote. Kanuni mpya zinakuja, gari lenye bei isiyozidi euro 345,000, linalotumia vipuri vingi vya Rally2, daraja la magari lililo chini ya lile la juu, na mlango umefunguliwa kwa watengenezaji wadogo ambao si viwanda vikubwa vya magari. Ni hatua nzuri. Itaongeza viti, na viti vikiongezeka, kijana wa Finland hataona kwamba amemaliza kila kitu akiwa na miaka 25. Lakini nimegeuza euro hizo kuwa shilingi nikakaa kimya. Kwa dereva wa Kenya bado ni ukuta. Vijana wetu walipopata nafasi ya kweli ilikuwa kwa Fiesta Rally3 ya bei nafuu zaidi, na mwaka 2022 McRae Kimathi akaenda kushindana kwenye theluji ya Sweden, Mkenya kwenye barafu yenye misumari ya tairi. Njia hiyo ndiyo ingepaswa kupewa pesa kwanza, kabla ya hema za wageni mashuhuri.

Kuelekea Machi 2026 shabiki wa Nakuru ana mtu mmoja wa kumtarajia, na si bingwa. Takamoto Katsuta wa Japani alimaliza 2025 akiwa hajawahi kushinda duru ya dunia hata moja. Lakini hapa alimaliza wa pili 2021, wa tatu 2022, wa nne 2023, wa pili tena 2024, na mwaka 2025 alibingirika Jumapili kwenye mkondo wa mwisho pale Hell's Gate. Hajawahi kuiruka Kenya tangu irudi. Kule Elmenteita watoto wanalitamka jina lake vizuri kuliko watangazaji wengi. Nimemuuliza fundi atamshangilia nani Machi. Akasema Katsuta, halafu akarudi chini ya Probox, na akiwa kule chini akaongeza kwamba nimkumbushe kubeba gumbuti.